Ugomvi wa Chai ya Asubuhi ya Wayunani

Kabla hamjasoma, nendeni mkanawe mikono. Nnajua wengi wenu mtasoma haya kwenye simu, kanaweni vilevile. Mikono yenu nyinyi vijana nnaijua: hapa halua, pale chipsi, kisha mtu anafunua ukurasa kwa kidole alichokilamba. Mimi nimejalidi vitabu hapa Darsait, Maskati, tangu ujana mpaka magoti yalipokataa ngazi, na ndani ya vitabu vya watu nimekuta mwiba wa samaki, jino la mtoto, na kipande cha chapati kilichokauka kikawa kigumu kuliko jalada lenyewe. Mwenye kitabu hicho alikuja na kanzu ya kupigwa pasi na uturi juu. Kwa hiyo msinihadithie mimi khabari za usafi.

Mjukuu wangu ndiye aliyenisumbua. "Bibi, andika kazi yako, vijana wajifunze." Nikamwambia mimi nimesoma chuo cha Kurani, na skuli darasa la pili, na la tatu nilikwenda nikarudi. Akasema haidhuru. Haya, haidhuru. Makosa ya imla mkiyakuta ni yangu. Mkikosa kufahamu, hilo ni lenu.

Kazi hii nilifunzwa na Bi Zuwena, mwenye karakana, Mungu amrehemu. Alitoka Unguja na sindano zake ndani ya kopo la maziwa, akakodi chumba nyuma ya duka la matairi, akaanza kwa kushona misahafu iliyochanika. Alikuwa hasifu. Ukimwonesha kazi nzuri husema "Hm." Ukimwonesha kazi mbaya husema "Hm" vilevile, lakini huvua miwani. Miaka yote ya mwanzo sikupata kuyaona macho yake yakiwa na miwani.

Alinifunza gundi: unga wa ngano, maji, shabu kidogo kuzuia wadudu, moto mdogo, na usiache kukoroga hata mfalme akikuita. Msitie sukari. Tulikuwa na msichana mmoja alitia sukari, anasema itashika zaidi. Kweli ilishika. Ilishika na sisimizi wote wa Darsait, wakajipanga juu ya rafu mstari mmoja kama watu wa kibali cha kazi.

Alinifunza pia kuwa karatasi ina mwelekeo wa nyuzi kama ubao. Ipinde huku, kisha ipinde kule. Upande unaokubali bila ya kununa ndio utakaoshonea. Ukiulazimisha unaonuna, jalada litapinda mdomo, na kiyoyozi kitamalizia. Na alinifunza kuwa kisu hakigusi pahala palipoandikwa na mkono wa mtu, hata kama mtu mwenyewe ameandika upuuzi. Kwa hili la mwisho ndipo nitakapokuhadithieni kitabu cha Wayunani. Na mwenye kucheka acheke, lakini asikae juu ya karatasi.

Kitabu kile kililetwa na wazee wawili. Wa kwanza Ustadh Khalfan, mkaazi wa Al Amerat, mwalimu mstaafu, mtu mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Ujanani alisoma ng'ambo, huko akajifunza lugha ya Wayunani wa kale, na nnadhani ndiye Mzanzibari pekee wa Maskati aliyeota ndoto kwa lugha hiyo. Wa pili Ustadh Seif, wa Bawshar, aliyekuwa mpima ardhi, mnene, mwenye sauti ya kuita gari iliyokwisha ondoka. Yeye Kiyunani alifunzwa na Khalfan baada ya kustaafu, kwa sababu, alisema mwenyewe, mkewe alimwambia akitaka kukaa nyumbani mchana kutwa atafute cha kufanya kisichopiga kelele.

Kila Ijumaa baada ya sala walikuwa wakila pamoja kwa Khalfan, kisha wakisoma.

Kitabu chenyewe kilikuwa hivi. Katikati ya ukurasa mna maneno ya mwanahistoria mmoja wa Wayunani, aliyeandika vita vya miji yao miwili. Jina lake siliandiki. Ulimi wangu haujapata kulitamka likatoka zima, na sioni kwa nini kalamu ijitie ujuzi ulioushinda ulimi. Pembeni, kwa herufi ndogo kama ufuta, mna maneno ya waalimu waliokuja mamia ya miaka baada yake, dola ya Kirumi ishazeeka, ambao kazi yao ilikuwa kuwafafanulia wanafunzi maneno ya yule wa katikati. Nilipouona ukurasa nikasema, "Mbona hii ni hashia?" Maana vitabu vyetu vya chuoni ndivyo vilivyo: matini katikati, sharhi kando yake, na hashia kando ya sharhi, na mwanafunzi amesinzia juu ya vyote.

Ustadh Khalfan alifurahi kama nimemposea mwana. "Ndiyo, Bi Aziza! Hao ndio masheikh wao wa hashia. Tunawatia Kiswahili."

Mimi na mwenzangu Njeri tukawa tunamwuliza wamesema nini. Njeri alikuwa mama wa Kikenya, mtu wa Nakuru, alikuja karakana wakati Bi Zuwena keshazeeka, na kwa mashine ya kukata karatasi nilikuwa simfikii hata nusu. Ustadh akatwambia. Mwalimu mmoja anaeleza kuwa merikebu ni chombo kinachokwenda majini.

"Ati?" Njeri akasema. "Kwani mwanafunzi hakuwa anajua meli?"

"Alijua."

"Sasa ya nini kumwambia?"

"Mwalimu alitaka ionekane na yeye amefika hapo."

Mwengine, akifika pahala pagumu, anasema maneno haya yamepinda, kisha anapita zake. Mwengine kila saa "wapo wasemao", wala hataji ni nani hao wasemao. Nikamwambia Ustadh, hao tunao mpaka misibani.

Mara ya kwanza kitabu kilijalidiwa na Bi Zuwena mwenyewe, na alikosea kosa ambalo hapa Darsait tu mtu anaweza kulikosea. Sisi tumezowea vitabu vinavyofunguka kulia. Akazishika karatasi, akazishona kulia, jalada la ngozi, kazi safi ya kutia machozi. Ustadh Khalfan akafungua, akakuta vita vimeanza pale vinapoishia. Watu wameshashindwa, wanakwenda nyuma nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka wanafika mwanzo hawajagombana bado.

"Hm," alisema Bi Zuwena, akavua miwani. Safari hiyo alijivulia mwenyewe.

Kikafumuliwa. Lakini hapo ndipo wazee walipoanza kuonesha meno. Kwa sababu wao hashia zao za Kiswahili walikuwa wakiziandika kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, na Kiyunani kinakwenda kushoto kuja kulia. Basi mlango wa kitabu uko upande gani? Khalfan akasema kushoto, kwa sababu mwenye nyumba ni Myunani. Seif akasema kulia, kwa sababu mgeni anayekaribishwa ni Mswahili. Wakabishana mpaka adhana. Hawakukubaliana, na kwa kuwa hawakukubaliana upi ukurasa wa kwanza, kurasa hazikupata kutiwa nambari. Bi Zuwena akakitia majalada mawili, yote ya mbele. Kitabu hakikuwa na nyuma. Ukikiweka mezani kila upande unakwambia karibu.

Badala ya nambari wakatumia njia ya zamani ya vitabu vya kuandikwa kwa mkono: chini ya ukurasa, kwenye pembe, unaandika neno litakaloanza ukurasa unaofuata; wao walitumia Kiswahili cha hashia zao. Sisi tukiliita neno la mguuni. Karatasi zikichanganyika, mmoja anaita neno la mguuni, mwenzake anatafuta ukurasa unaoanza na neno hilo na kuitikia mstari wake wa kwanza. Kwa Bi Zuwena kuita kulikuwa na sharti zake. Huitwa na watu wawili, hakuna kunong'ona, na aliyezichanganya karatasi ndiye anayeita. Na feni haiwashwi karatasi zikiwa mezani. Hilo hata paka wa karakana alikuwa analijua.

Kitabu kikawa kinakwenda na kurudi, hata baada ya Bi Zuwena kufariki na karakana kubaki mikononi mwetu. Kila wakijaza pembeni, wanatuletea tukitie mbawa. Mbawa ni kipande cha karatasi unachokigundisha kwenye ukingo wa ukurasa ili mtu apate pahala pengine pa kuandikia. Fahamuni: mbawa inakwanguliwa ukingo kwanza iwe nyembamba, na gundi iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa, la sivyo kitabu kinavimba tumbo. Sisi tulitia mbawa, kisha mbawa za mbawa. Mwisho wake kitabu kile kikifunguliwa kinataka meza ya kulia watu sita.

Sasa ugomvi. Kuna pahala jeshi linatoka alfajiri kwenda kupigana, na linashindwa. Mwanahistoria hakusema kama askari walikula kabla ya kutoka. Mwalimu mmoja wa pembeni anasema walikula. Mwengine anasema hawakula. Basi.

Ustadh Khalfan akaandika kwenye mbawa: walikula, kwa sababu amiri jeshi mwenye akili hatoi watu na njaa. Seif akaandika chini yake: hawakula, ndiyo maana wakashindwa, na aliyeandika hapo juu hajapata kuwa jeshini. Khalfan akaandika: wala wewe, ulikuwa ukipima viwanja. Seif akageuza mbawa akaandika nyuma: kupima viwanja kunaanza alfajiri, na mimi nnajua mtu asiyekula anavyotembea. Khalfan: ukubwa wa tumbo lako hauoneshi kuwa ulipata kuijua hali hiyo.

Ijumaa iliyofuata Seif hakwenda kula.

Wala ya pili. Wala ya tatu. Salamu zikakatika. Kitabu kikawa kinaletwa na huyu Jumapili, kinachukuliwa na yule Jumatano, na kila mmoja akifika huchungulia kwanza mlangoni kama mwenziwe yupo.

Njeri alishindwa kuvumilia. "Mama, hebu nielewe. Hawa wazee wamekosana juu ya brekfasti ya watu waliokufa zamani hivyo?"

"Ndiyo."

"Na hakuna anayejua kama walikula?"

"Hakuna."

"Woi! Kwetu wangeitwa mbele ya pasta wote wawili."

"Hapa tuna gundi tu. Koroga."

Tulicheka, nisiseme uongo. Lakini Jumapili moja Ustadh Khalfan alikuja peke yake na teksi kutoka Al Amerat, na nikamwona anakitafuta kiti kwa mkono kabla ya kukaa. Akakaa. Akanambia, "Bi Aziza, nisomee aliyoyaandika Seif."

Herufi za Kiarabu nnazisoma, Kiswahili changu. Nikamsomea. Seif alikuwa amejaza mbawa mbili, ameleta na mwalimu wa tatu asemaye kuwa askari walikula kidogo, naye akamkataa kwa ukali, kisha akamalizia kuwa kuna waalimu wengine wa siku hizi ambao ujinga wao umevaa kofia ya kufumwa.

Khalfan akacheka mpaka akashika ubavu. "Soma tena."

"Pale pa kofia?"

"Hapo hapo."

Nilipomaliza akavuta kiti karibu na mimi. Kisha akanieleza. Macho yake yamekwenda. Alikuwa akiyaona mambo kama ndani ya mvuke wa sufuria, mwandiko mkubwa wa Seif akiuona kwa taabu, sasa haoni hata mvuke, na daktari amemwambia yaliyokwenda hayarudi. Zile herufi za ufuta za Kiyunani hakuwa akiziona tangu zamani. Seif ndiye aliyekuwa akimsomea kila Ijumaa kwa sauti, yeye akizitia maana. Seif alidhani anasomeshwa. Kumbe anaazimwa macho.

"Bila ya Seif kitabu kimekwisha hapa hapa," akasema. "Na yule mwanahistoria mwenyewe alikufa hajamaliza. Tukiwa mimi na yeye ndani ya kitabu kimoja, wote wawili tusiomaliza, itakuwa aibu."

"Basi mwambie Seif."

"Thubutu!" Alinyanyuka, akakosa meza, akakaa. "Nikimwambia atarudi kwa huruma. Atakaa pale ananambia ndiyo Ustadh, sawa Ustadh, askari wamekula Ustadh, wamekula na mayai. Nitamfanyia nini mtu wa namna hiyo? Mimi nnataka mtu wa kunipinga. Niapie hutomwambia."

Sikuapa, sipendi viapo. Nilisema sitomwambia. Akataka basi kitabu kifungwe. Mbawa zisitiwe tena, kishonwe kwa kukazwa, kiwekwe rafuni. Nikamwambia aje Jumapili ya pili, kitakuwa kishafumuliwa, tuhakikishe hakikupotea kitu, nikifunge mbele yake.

Njeri hakukatazwa kusema, na Njeri usipomkataza husema. Seif alipopiga simu kuuliza khabari ya kitabu, akamwambia kinafungwa Jumapili.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, lile joto la Maskati linalokupokea mlangoni kama mdai. Kiyoyozi nilikizima, kwa sababu mbawa za mwisho zilikuwa mbichi na baridi kavu ingezikunja. Kitabu kizima kilikuwa juu ya meza, karatasi moja moja, uzi umeshatoka. Ustadh Khalfan amekaa, mikono juu ya bakora. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Salaam aleikum! Bi Aziza, nitolee hashia zangu!"

"Waaleikum salaam, Ustadh Seif. Karibu. Viatu."

Akavua viatu. Akamwona Khalfan. Khalfan akaigeuza shingo kuelekea ukutani.

"Mwambie huyo bwana," Seif akanambia mimi, "kama anafunga kitabu bila ya kuniuliza, mimi nachukua kilicho changu. Kata mbawa zote zenye mkono wangu, nizijalidi mbali."

"Mwambie huyo bwana," Khalfan akasema na ukuta, "achukue. Kitabu kitapungua uzito."

Nikachukua mbawa moja, nikaiinua. "Upande huu mkono wa nani?"

"Wangu," akasema Seif.

Nikaigeuza. "Na huu?"

Akatazama. Ulikuwa wa Khalfan. Nikainua ya pili, ya tatu. Zote hivyo hivyo, mmoja mbele, mwenziwe nyuma, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimjibu mwenziwe mgongoni. Nikamwambia, "Karakana hii kisu hakigusi palipoandikwa. Nikikata chako namkata na yeye. Nnangojea mniambie vipi."

Ndipo wakaanza kusemezana, kama huku ni kusemezana. Seif anasema alijua tangu mwanzo kuwa Khalfan atageuza mbawa kwa hila. Khalfan anasema aliyegeuza wa kwanza ni Seif, aulize karatasi. Seif anatoka jasho, kanzu imemganda mgongoni, anapumua kama aliyepanda mlima wa Al Amerat kwa miguu. "Mbona humu kama tanuri?" Akanyosha mkono ukutani, akabonyeza.

Feni.

Njeri alipiga ukelele. Mimi nilijilaza juu ya meza nikafunika nilizoweza kufunika, na nyinyi mnaonijua mnajua hizo si kidogo. Nyengine zote ziliruka. Jeshi zima lilipanda juu. Amiri jeshi mmoja alikwenda nyuma ya kabati, mji mmoja uliozingirwa ukaingia ndani ya ndoo, bahati nzuri kavu, na mwalimu wa merikebu akamganda Ustadh Seif usoni, kwenye jasho, mbawa zake zikipiga pigapiga kama kuku aliyeshikwa. Njeri akazima. Karatasi zikashuka polepole, kila moja pahala isipotakiwa.

Khalfan akaigeuza shingo kutoka ukutani.

"Nini?" akauliza Khalfan. "Nini hiyo?"

"Ustadh Seif amewasha feni," nikasema.

"Kurasa hazina nambari," akasema Khalfan, akauma mdomo.

"Na nani aliyekataa nambari zianzie kulia?" Seif akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Tukaziokota. Tukazirundika mezani, mafungu mawili. Nikawaambia sheria ya Bi Zuwena: aliyechanganya ataita, na kuitana ni watu wawili. Njeri akasema herufi hizi hazijui. Seif akanitazama mimi. Nikamwambia mimi gundi yangu iko motoni, nikiiacha itashika chini. Gundi ilikuwa imepikwa tangu asubuhi na ishapoa. Nikaenda nikaikoroga vivyo hivyo, na mgongo wangu nikawapa.

Muda ukapita. Kisha nikasikia kiti kinavutwa.

Seif akachukua ukurasa. Akakohoa. Akaita neno la mguuni. "'Walipofika.'"

"'Walipofika kwenye mto wakaukuta umejaa,'" Khalfan akaitikia pale pale, akatoa karatasi kwenye fungu lake, akampa.

Seif akaitazama. "Maneno ndiyo. Karatasi siyo. Hii ni ya tauni."

"Nimekosea kushika. 'Walipofika kwenye mto' iko chini yake."

"Chini yake kuna hotuba."

"Basi juu yake."

Seif akaitafuta mwenyewe, akaipata. Akaita nyengine. Khalfan akaitikia mstari mzima bila ya kukwama, akatoa karatasi. Hiyo alikuwa ameishika miguu juu. Njeri akanibana kiuno. Nikamkanyaga kidogo anyamaze.

Nilimwona Seif kwenye kioo cha mlango wa kabati. Aliitazama ile karatasi, akamtazama Khalfan, akaipitisha karatasi mbele ya uso wa mwenziwe taratibu, kushoto, kulia. Khalfan alikuwa anatabasamu kwa heshima akitazama kopo la sindano. Seif akayavuta mafungu yote mawili upande wake.

Tangu hapo kazi ikaenda. Seif anaita, Khalfan anaitikia kwa kichwa, Seif mwenyewe anatafuta na kupanga. Mto ukapitwa, mji ukatolewa ndooni, amiri jeshi akatolewa nyuma ya kabati kwa fagio. Sauti ya Seif ikawa inapanda, ya Khalfan inapata joto, kama darsa. Nikasahau kukoroga.

Wakafika pale pa alfajiri.

Seif akasita. "'Na wako,'" akaita.

Khalfan akakaa sawa. "'Na wako wasemao kuwa jeshi lilikula, na huo ni upofu, kwa sababu hakutajwa moto, wala sufuria, wala mtu aliyechelewa kunawa. Na kuna waalimu wa siku hizi ambao ujinga wao umevaa kofia ya kufumwa.'"

Hiyo ilikuwa ya Seif mwenyewe. Neno kwa neno, na matusi yake.

"Umeihifadhi hashia yangu?" akauliza Seif.

"Nitaipingaje nisipoihifadhi?"

Seif akaipanga karatasi mahala pake, akailaza pembe kwa kidole gumba, kama nilivyomwonesha zamani. "Yakhe. Macho yamekwenda lini?"

Khalfan akageuka upande wangu. "Bi Aziza! Uliniambia hutosema!"

"Na sijasema," nikamjibu. "Mimi nna gundi."

"Bi Aziza hajafungua mdomo," akasema Seif. "Umenipa tauni, umenipa hotuba, umenipa ukurasa miguu juu. Mimi ni mpima ardhi, sikosi kuona kilichopinda."

Khalfan akagonga bakora sakafuni. "Nisikilize, Seif. Usije ukanihurumia. Sikutaka uje kwa hilo. Ukinihurumia, heri ufunge mlango uende."

"Nikuhurumie kwa lipi?" Seif alipaza ile sauti yake yote, hata fundi wa matairi akachungulia dirishani. "Umekosea, Khalfan! Umekosea ulipokuwa unaona na umekosea usipoona! Lile jeshi halikula!"

Nilimwona Khalfan anavyopumua. Kama mtu aliyebeba gunia kwenye ngazi, akafika juu, akalitua.

"Chukua kalamu," akasema. "Andika. 'Seif amekosea.'"

"Nnaandika."

"'Kwa sababu moto na sufuria havitajwi hata siku nyengine, na siku hizo hatusemi kuwa watu walilala na njaa.' Umeandika?"

"Nimeandika. Hilo la sufuria baya hilo, nitalijibu."

"Nisomee uliyoandika."

"'Seif amekosea, asema Khalfan,'" akasoma Seif, "'na Khalfan haoni.'"

Njeri akaziba mdomo kwa khanga yangu.

"Iache," akasema Khalfan. "Ongeza: 'Wala Seif, na yeye ana macho.'"

Seif akaandika, ulimi nje kama mtoto wa chuoni, akafika ukingoni mwa karatasi, kalamu ikakosa pa kwenda. Nikaenda mezani na sindano yangu iliyokwisha kutiwa uzi na nta, nikawauliza nianze kukaza, au vipi, maana mimi nna kazi nyengine na leo nimeagizwa kukifunga.

"Tia mbawa!" wakanijibu wote wawili kwa pamoja, kama nimewatukana.

Nikawaambia waondoe viwiko mezani, nikamtuma Njeri karatasi.